Kufungua sinema mtaani wakati huu wa strimingi, ni akili ama ni kuchoma pesa?

binti_wa_umoja

Sasa wasee, naomba maoni ya ukweli, si ya kunifurahisha. Niko kwa chama na marafiki, wengi tumekulia Umoja na Buruburu hapa Nairobi, na kuna pesa tumekuwa tukiweka tukingoja wazo la biashara. Sasa kuna hol imebaki tupu hapa nyuma ya stage, ilikuwa godauni ya mbao, ukuta wa mawe, juu mabati, chini simiti safi tu, na mwenyewe hajakaza sana kwa kodi. Mimi nikiiangalia naona sinema. Viti themanini hivi, skrini ya maana, spika za maana, mtu mzima 150, mtoto 50, kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili.

Chama imegawanyika. Mweka hazina wetu anasema kila mtu ako na Netflix kwa simu na asiye nayo anaomba paswadi ya binamu yake, kwa hivyo nani atatoka kwake alipe kuangalia muvi kwa godauni. Ni swali la haki. Lakini kuna kitu inanisumbua, huku kwetu sinema haikuuawa na strimingi. Netflix iliingia Kenya Januari 2016, na wakati huo sinema ya Odeon ilikuwa imebaki jina la stage ya matatu kitambo, Globe jina la raundabauti, Shan ya Ngara ishageuka ukumbi wa Sarakasi Dome, na zile za kuingia na gari, Belle Vue ya Mombasa Road na Fox ya Thika Road, watu wa rika langu tunazisikia tu kwa wazazi. Sinema zikahamia mall. Sarit, Junction, Westgate, Garden City. Sasa piga hesabu ya mama wa Umoja na watoto wawili, fare kuenda na kurudi, tiketi tatu, na watoto wakinusa ile popkoni pale mlangoni unajua venye itakuwa, hiyo ni unga na mafuta ya wiki imeisha kwa masaa mawili. Huyo mama aliacha kuenda sinema kabla hajashika simu ya strimingi.

Kwa hivyo nauliza, kama unaishi huku Eastlands ni nini itakutoa nyumbani ulipe hiyo 150? Na wale mnaijua hii kazi, muvi zinapatikana aje kihalali, juu sitaki tuanze na kesi.

---

karani_wa_ngara

Dada nitakuwa mkali kidogo juu hizi ni pesa za watu wengi. Usiangalie Umoja peke yake, angalia hii biashara inaelekea wapi dunia nzima. Marekani na Kanada 2019 waliuza tiketi za zaidi ya dola bilioni 11, na hata 2024 bado walikuwa chini ya bilioni 9, na hapo tiketi yenyewe ishapanda bei. Cineworld, kampuni ya sinema ya Uingereza iliyokuwa ya pili kwa ukubwa duniani, Septemba 2022 iliingia mahakamani kuomba kulindwa dhidi ya wanaoidai. Hao ni watu wako na viti vya kulala na benki nyuma yao.

Shida kubwa ni muda. Zamani muvi ilikaa kwa sinema karibu miezi mitatu kabla uione mahali pengine, sasa corona ikaja, 2020 studio ya Universal wakakubaliana na AMC, wenye hol za sinema, kuwa siku 17 zinatosha, mwaka uliofuata Warner wakatoa muvi zao zote za huko Marekani kwa sinema na kwa HBO Max, strimingi yao, siku moja. Siku hizi wengi wamerudi kwa mwezi mmoja na nusu hivi, lakini mtazamaji ashajua akivumilia kidogo itamfikia kitandani. Na Ted Sarandos mwenyewe, ambaye ni mmoja wa wakuu wa Netflix, mwaka 2025 alisema wazi kwamba kwa watu wengi kuenda sinema ni mambo ya zamani. Wengine watakuambia Barbie na Oppenheimer zilijaza hol 2023, ni kweli zilijaza, lakini hizo hutaonyesha kwa godauni.

Hiyo pesa wekeni kwa kitu watu wananunua kila siku.

---

muvi_shop_kayole

Acha niseme kitu juu mimi ndio niko kwa hii maneno kila siku, naweka watu muvi kwa fleshi na memori kadi. Karani anaongea mambo ya Marekani, sawa, lakini mteja wangu hajawahi kulipia Netflix hata siku moja. Alionja ile plan ya bure ya simu waliyoleta Septemba 2021, ikaondolewa Novemba 2023, akarudi kwangu. Anakuja na fleshi ya 16 GB ananiambia niwekee za DJ Afro, yule anasimulia muvi, niwekee za Kikorea, niwekee ya watoto, nalipwa kidogo kidogo hivyo mpaka jioni. Sababu si eti anapenda kukaa peke yake na simu. Bando inaisha katikati ya muvi, ama laptopu ni ya ndugu yake na inarudishwa Jumatatu.

Kuna kitu naona kila jioni. Niko na tivi ndogo pale kaunta ya kuhakikisha faili inacheza, ni ya kujaribu tu, nacheza dakika mbili natoa. Saa kumi na moja watoto wa shule wanajaa hapo mlangoni na mabegi mgongoni, wengine wamesimama juu ya mtungi wa maji, na nikitoa wanapiga kelele kama nimewafunga bao. Juzi nikaacha ikacheza mpaka mwisho. Watu wazima wakaanza kusimama pia, jamaa wa bodaboda akazima pikipiki, mama wa mboga akageuza kiti. Na wote hao wako na simu mfukoni.

Kwa hivyo watu wako. Ile utashindana nayo si Netflix, ni mpira. Vibanda vya huku vinakula kwa ligi ya Uingereza, Jumamosi na Jumapili jioni ukiweka muvi wakati Arsenal inacheza utakaa na viti vyako. Panga saa zako ukiwa na ratiba ya mechi mkononi.

Na mimi hii kazi yangu najua venye inasimama kisheria, KECOBO, wale wa hakimiliki, wakikuja ni mbio, ndio maana nasoma hii maneno yako kwa makini sana.

---

fundi_wa_projekta

Binti yangu, hongera kwa wazo. Mimi nimefanya kazi ya projekta mjini tangu enzi za filamu za mkanda wa milimita 35 mpaka digitali ikaja, kwa hivyo nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Hayo mnayobishana kuhusu strimingi tulishayasikia. Kaseti za video zilipoingia majumbani tuliambiwa tumekwisha, CD za hamsini bob zilipojaa River Road tukaambiwa tumekwisha. Kila mara tulipoteza watu, huo ni ukweli, lakini kilichofunga milango hol za katikati ya mji ni vitu vingi kwa pamoja. Usiku mji ulikuwa unatisha, show ya saa tatu inaisha karibu saa sita, mtu anatokaje Latema Road kwenda Eastlands na matatu zimepungua? Familia zikaacha kuja show ya usiku, na show ya usiku ndiyo ilikuwa inalipa. Halafu mwenye jengo anaona kanisa linataka ukumbi uleule, linalipa vizuri na linautumia wiki nzima, wewe unamletea hadithi ya filamu itakayofika mwezi ujao. Ungekuwa wewe ungempa nani?

Kazi yenyewe ilikuwa tamu. Filamu moja inakuja kwa mikanda kadhaa, kila mkanda kama dakika ishirini, na una mashine mbili. Ya kwanza ikikaribia kuisha unakaza macho kwenye kona ya juu kulia ya skrini, kinatokea kidoa, unawasha mota ya mashine ya pili, sekunde chache baadaye kidoa kingine, hapo unabadilisha. Ukikosea watu mia nne wanapiga mbinja kwa pamoja. Ukipatia hakuna anayejua kwamba upo. Digitali ilipokuja ikawa ni hadi disk inaletwa, na kuna ufunguo unatumwa wa kufungulia faili, umeandikwa saa ya kuanza na saa ya kuisha, ukipita hiyo saa filamu haichezi hata ukilia. Ndiyo sababu karani yuko sahihi kwa jambo moja, filamu kubwa za Hollywood zikiwa mpya hutazipata, studio zinataka mashine za kiwango chao na bei yake ni ya kununua nyumba. Lakini filamu za hapa nyumbani na za zamani kidogo hazihitaji hayo. Mwenye filamu anaweza kukupa faili safi na mkaandikiana.

Sasa hol. Umesema mabati, na hapo ndipo nimesimama. Mwezi wa nne mvua ikinyesha juu ya mabati hakuna spika ya kuishinda, mtazamaji ataona midomo ikicheza tu. Weka dari kabla hujanunua hata kiti kimoja. Dari ya bodi na kitu cha kunyonya sauti juu yake. Ukuta wa mawe na simiti zinarudisha sauti, mazungumzo yanakuwa mwangwi, na wengi wakisikia mwangwi wanaongeza sauti, hapo unaharibu zaidi. Tundika kitambaa kizito ukuta wa nyuma na pembeni, mazulia chakavu pia yanafaa. Simama katikati upige kofi moja, ukisikia kofi linarudi bado hujamaliza. Mwanga nao, godauni huwa na mianya kati ya ukuta na paa, mchana jua litapiga skrini moja kwa moja, kwa hivyo ziba yote. Na mlango uwe na pazia mbili ili anayechelewa asiwafungulie wengine jua la saa tisa.

Viti usivipange kwa usawa. Inua safu za nyuma hata kwa mbao tu, la sivyo mtoto wa 50 atatazama kisogo cha mtu.

Mtu akitazama simu anasimamisha, anajibu meseji, anarudi, anapitisha mbele. Kwa hol hana hiyo nafasi na ndiyo anayolipia, ingawa hatakuambia hivyo. Nimewaona wanaume wazima wakiingia wamekunja uso na wakitoka wanazungumza na mtu ambaye hawakumjua.

---

mhariri_wa_picha

Shikamoo mzee, hiyo ya kofi nimeiandika.

Mimi niko upande wa kutengeneza, naunganisha picha, na nataka dada ajue kwamba sisi tunazihitaji hizo hol kuliko watazamaji. Strimingi ilitusaidia sana, siwezi kukataa. 2021 Showmax walitoa Crime and Justice, 2022 Netflix wakatoa Country Queen, watu wakaanza kuona hadithi za huku zikiwa na picha safi na waigizaji wakilipwa. Lakini ukiuza kwa jukwaa unauza na mlango. Kuna kazi nilishiriki, jukwaa moja likaichukua, pesa ikachelewa mpaka tukachoka kuulizia, halafu siku moja tukaifungua tukakuta imetolewa, hakuna barua wala simu. Mpaka leo mamangu hajaiona. Kwa hol angalau ningekaa nyuma nisikie watu wanacheka wapi na wananyamaza wapi, hiyo ndio inanifundisha kukata picha, namba za watazamaji hata hatupewi.

Na Wakenya huja. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku 2018, mahakama ikaruhusu ionyeshwe siku saba mwezi wa tisa, na pale Prestige Plaza tiketi zilikuwa zinaisha. Hizo siku saba hazikuwa za bahati, filamu ilihitaji kuonyeshwa kwa sinema siku saba mfululizo ndio iweze kushindania Oscar. Nairobi Half Life mwaka 2012 pia watu waliifuata kwa sinema, na nani asiyejua ile ni hadithi ya River Road na Eastlands zaidi ya mall?

Sasa ya kisheria. Usiweke akaunti yako ya Netflix kwa projekta ukatoza watu, ile ni ya nyumbani tu, hata kama ni yako na umelipa. Unahitaji ruhusa ya kuonyesha hadharani kutoka kwa mwenye filamu, na leseni ya KFCB, bodi ya serikali ya kuainisha filamu, na kila filamu iwe na alama yake ya umri, GE (ya watu wote), PG (mzazi aongoze), 16 au 18, na uibandike mlangoni watu waione. Pia usidharau ile alama ya 18, ukipatikana na mtoto ndani ni wewe utajibu. Kwa malipo usikubali kutoa pesa nyingi mbele, mwambie prodyusa tugawane tiketi, wengi wetu tutakubali nusu kwa nusu juu kwa sasa filamu imekaa kwa hadi disk ikingoja tamasha. Kuna watu wamefanya haya kabla yako, Slum Film Festival ilianza 2011 Kibera na Mathare wakionyesha filamu kwa watu wa mtaa, kwa hivyo usione kama unaanza kutoka sifuri.

---

mama_kelvin_tena

Mimi sijui mambo ya projekta. Nitakuja na watoto kama kuna choo safi cha wanawake, na taa nje kutoka mlangoni mpaka barabarani, na muvi iishe kabla ya saa mbili na nusu. Kama choo ni kile cha kushare na baa ya jirani hata iwe bure sikuji. Na muweke moja ya Kiswahili mwanangu mdogo aelewe, za Kizungu ananiuliza maswali mpaka majirani wanakasirika.

---

karani_wa_ngara

Mzee nimekusoma yote na ya mhariri pia, nakubali hiyo ya filamu za hapa sikuwa nimeifikiria hivyo. Lakini bado swali la pesa liko pale pale. Viti themanini kwa 150 ni elfu kumi na mbili ikijaa, na haijai kila siku, toa nusu ya prodyusa, toa kodi, stima, leseni, mtu wa mlango, dari ya mzee. Inabaki nini? Hata hizo sinema kubwa faida yao iko kwa popkoni na soda, tiketi sehemu kubwa inaenda kwa mwenye muvi. Kama hamtauza chakula sioni mkifika mwisho wa mwaka. Na Jumatatu mpaka Alhamisi hol inalala bure na kodi inahesabu.

---

binti_wa_umoja

Asanteni sana, sikutarajia watu waandike hivi, nimesoma mara mbili na nikasomea chama kwa simu.

Karani, hesabu yako ndio mweka hazina alitoa, karibu neno kwa neno, kwa hivyo nimejua hana roho mbaya. Tumeongea hivi: hatutakodi hol kwa sasa. Tutaiomba kwa wikendi moja tu, mwenyewe amekubali tulipe ya siku mbili, Jumamosi asubuhi ya watoto na Jumapili saa saba mchana kabla mechi hazijaanza, hapo shukrani kwa muvi_shop juu hiyo kitu ya ratiba sisi wote wanawake hatukuwa tumeifikiria. Chakula tumo ndani, kuna dada wawili kwa chama wanauza mahamri na smokie pale stage na wako tayari. Siku za katikati ya wiki kuna mwalimu ameuliza kama anaweza kuleta wanafunzi waone filamu za vitabu wanavyosoma shuleni, hiyo bado ni maneno tu.

Mama Kelvin, choo kiko ndani ya kompaundi, kimoja, kina mlango na maji. Taa nje hakuna, hiyo tutaweka kabla ya kitu kingine chochote, naahidi.

Muvi_shop, kama uko serious na kuacha hiyo ya mbio, tunatafuta mtu anayejua faili na nyaya na anayejua watu wa huku wanapenda nini. Njoo tuongee.

Mhariri, nimekutumia ujumbe. Nataka filamu moja ya familia ya Kiswahili ama hata Sheng, iwe GE, na barua ya ruhusa imeandikwa vizuri ndio niende nayo KFCB.

Mzee, swali langu la mwisho ni kwako. Dari hatuwezi kuweka kwa wikendi moja ya kujaribu. Tukifanya mwezi wa nane wakati hakuna mvua tunaweza kutoboa na mabati hivyo hivyo? Na projekta tununue ama tukodi?

---

fundi_wa_projekta

Mwezi wa nane mnaweza, baridi ya asubuhi itapungua mabati yakishapata jua, lakini saa saba mchana kutakuwa na joto, fungueni matundu ya chini yenye kivuli na mzibe ya juu. Mabati yakipata joto pia hutoa mlio wa kupasuka pasuka, msishtuke.

Projekta kodi, usinunue kabisa. Mwenye kukodisha muulize nguvu ya mwanga na umri wa taa, na uiwashe mbele yake mchana, gizani kila projekta ni nzuri. Skrini nitawaonyesha namna ya kushona kwa kitambaa cheupe kizito, na mgongo wake mweusi ili mwanga usipite. Mtafute jenereta ndogo ya akiba na muijaribu siku moja kabla ikiwa na mzigo wote, spika na projekta pamoja, kuna jenereta inaunguruma vizuri ikiwa peke yake halafu ukichomeka vitu inazima.

Nipimie hol urefu, upana na kimo mpaka kwenye mbao za paa, unitumie kesho. Na piga hilo kofi uniambie limerudi mara ngapi.